Bosi anasema Marekani imelegeza sheria za mionzi, nami nina mimba

Shikamoo shangazi,

Nafanya kazi ya kupiga picha za eksirei katika kliniki ya kibinafsi huku Eastlands. Kazi hii niliisomea, nina leseni, na kusema kweli naipenda. Lakini siku hizi naenda kazini miguu ikiwa mizito.

Mwaka jana mwenye kliniki alileta meneja mpya wa kupunguza gharama. Kitu cha kwanza alichokata ni beji zetu za kupimia mionzi. Zamani zilikuwa zinapelekwa maabara, zinasomwa, kisha tunaletewa majibu. Meneja alisema majibu ni yale yale kila mara, hakuna shida, basi ya nini kulipia? Sasa beji zimelala kwenye droo ya mapokezi.

Baada ya hapo tukahamishwa chumba. Cha zamani kilikuwa na kuta nene na mlango uliowekwa bati la madini ya risasi ndani. Kimefanywa maabara kwa sababu kiko karibu na lango. Eksirei ikapelekwa nyuma, katika chumba ambacho ukuta wa upande mmoja ni wa jipsamu tu, na ng'ambo yake kuna saluni. Nasikia wasichana wakicheka na draya ikinguruma ninapobonyeza kitufe. Mashine ilihamishwa wikendi, Jumatatu tukaanza kazi. Mkaguzi sikumwona. Taa nyekundu ya juu ya mlango haijaunganishwa hadi leo. Mimi mwenyewe nasimama nyuma ya kile kizuizi cha risasi chenye kioo tulichotoka nacho chumba cha zamani. Aproni ni moja, nayo imekunjwakunjwa hadi imepasuka begani. Mzazi akihitajika kumshika mtoto wakati wa picha, mara nyingi humshika hivi hivi.

Nilipouliza, meneja alitutumia kwenye kundi letu la WhatsApp habari kwamba Rais wa Marekani ameamuru kanuni za mionzi ziangaliwe upya kwa kuwa ni kali kupita kiasi. Akaandika kwamba kama wenye teknolojia wenyewe wamelegeza, sisi ni nani? Akaongeza kwamba mionzi kidogo huupa mwili nguvu. Mzee tunayefanya naye kazi akamuunga mkono: amepiga picha tangu ujana wake, ana watoto na wajukuu, na hajawahi kuugua.

Shangazi, nina mimba ya wiki kumi. Ajuaye ni mume wangu peke yake. Yeye anasema ninyamaze, nitafute kazi kwingine polepole, kwa sababu tuna mkopo wa sako na kodi ya nyumba haingoji. Nikisema, naogopa nitaonyeshwa mlango. Nisiposema, namwogopea mtoto. Je, ni kweli sheria zimelegezwa? Ni kweli mionzi kidogo haina neno? Na nifanye nini nisipoteze kazi?

Mwenye Hofu, Eastlands

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na mtoto, mengine yatafuata. Mashine ya eksirei hutoa mionzi pale tu kitufe kinapobonyezwa. Ukiachia, imekwisha. Haibaki kwenye nguo wala ukutani, wala hurudi nayo nyumbani. Ukiwa umesimama nyuma ya kizuizi cha risasi kila mara, kama unavyosema, kiasi kilichokufikia yaelekea ni kidogo sana. Madaktari huanza kuhofia mtoto kuumbika vibaya pale dozi iliyomfikia tumboni inapokaribia milisivati 100 (milisivati ni kipimo cha mionzi inayoufikia mwili), na mtu wa nyuma ya kizuizi hafikii huko kwa kazi ya kawaida ya eksirei. Kuna wanawake wengi wa taaluma yako wanaofanya kazi hadi karibu na kujifungua, na wanajifungua salama. Kwa hiyo lala usingizi. Usikae ukidhani umeshamdhuru mwanao.

Lakini ona nilivyolazimika kusema: "yaelekea". Wewe na mimi tunakisia, kwa sababu beji yako iko kwenye droo. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, na nitarudi hapo.

Kuhusu kunyamaza, mume wako anaipenda familia yake na simlaumu, ila ushauri wake unakuondolea kinga uliyo nayo. Kwa viwango vya kimataifa, mfanyakazi wa mionzi asizidi milisivati 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano. Mtoto aliye tumboni hahesabiwi kama mfanyakazi. Hakuomba kazi hiyo. Mama akishamjulisha mwajiri kwamba ni mjamzito, mtoto hulindwa kama raia yeyote wa nje, na dozi yake isizidi milisivati 1 kwa muda wote wa mimba uliobaki. Kinga hiyo huanza siku ya kujulisha. Usipojulisha, mwajiri atasema hakujua, na kwa hilo atakuwa na haki. Mficha uchi hazai, mwanangu, na wewe tayari unazaa.

Kwa hiyo andika barua. Iwe fupi: nina mimba ya wiki kadhaa, naomba nipangiwe kazi kwa kuzingatia hilo, naomba beji irudishwe kwenye huduma, na niongezewe ya pili ya kuvaa kiunoni chini ya aproni. Omba usipewe kazi ya kushika wagonjwa wala eksirei za kitandani wodini. Baki na nakala iliyotiwa tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Kuhusu kufukuzwa, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, inasema wazi kwamba mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na vivyo hivyo kulalamika dhidi ya mwajiri. Sikudanganyi kwamba sheria humzuia kila mwajiri mkorofi. Lakini mwenye barua yenye tarehe ana kesi. Aliyenyamaza akafutwa mimba ilipoonekana hana cha kuonyesha.

Sasa hiyo habari ya Marekani. Ni kweli kwamba Mei 23, 2025, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kuirekebisha Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya nchi yake, lengo kubwa likiwa kuharakisha leseni za mitambo ya umeme wa nyuklia. Ndani yake aliitaka tume hiyo ifikirie upya misingi miwili. Wa kwanza unasema kila dozi, hata iwe ndogo namna gani, huongeza hatari ya saratani kwa kiasi chake. Wa pili unasema dozi ishushwe hadi pale inapowezekana kwa busara, hata kama tayari iko chini ya kikomo. Wataalamu wengi wa afya ya mionzi waliipokea amri hiyo kwa wasiwasi, na mimi nina wasiwasi pamoja nao, kwa sababu msingi huo wa pili ndio uliowafanya watu wa kazi yako wajifunze kurudi hatua nyuma, kubana eneo la picha na kutorudia picha ovyo.

Ila kuna jambo ambalo meneja wako hakuwaambia. Tume hiyo haisimamii hata mashine za eksirei za hospitali za Marekani kwenyewe. Hizo husimamiwa na majimbo. Yaani habari aliyowatumia haigusi chumba cha eksirei cha Chicago, sembuse cha Eastlands! Kenya tuna Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya (KNRA) mahali pa ile Bodi ya Kinga ya Mionzi ya zamani. Mashine yenu iko chini ya sheria hiyo, na hakuna amri ya Washington iliyoifuta.

Hata hivyo, sheria hailegezwi bungeni peke yake. Wewe uliyekulia Nairobi unazijua Sheria za Michuki za 2004. Matatu zilifungwa spidi gavana na mikanda, na abiria wakawa hawasimami. Hakuna aliyekuja kutangaza kwamba zimefutwa. Mkanda mmoja ulikatika haukurudishwa, gavana moja ikachezewa, askari mmoja akatazama pembeni, na leo unapanda gari la mkanda usio na kifungio, dereva akikuhakikishia kwamba yeye haendi mbio. Kliniki yenu imelegezwa vivyo hivyo. Meneja anawaambia dozi ni ndogo baada ya kuondoa kitu cha pekee kinachoipima.

Ndiyo sababu sitaki uingie naye kwenye mjadala wa kama mionzi kidogo ina madhara. Mjadala huo upo kweli miongoni mwa wanasayansi. Kwa dozi za chini sana hatari ni ndogo kiasi kwamba ni vigumu kuitenganisha na saratani ambazo zingetokea hata hivyo. Lakini utafiti mkubwa wa wafanyakazi wa sekta ya nyuklia, zaidi ya 300,000 kutoka Marekani, Uingereza na Ufaransa, uliochapishwa 2023, ulionyesha kwamba hatari ya kufa kwa saratani ilipanda kadiri dozi ilivyopanda, na hata watafiti walipowatazama waliopata dozi za chini tu, mwelekeo haukupotea. Na watafiti hao walijuaje? Kwa sababu kila mfanyakazi alikuwa na beji, na kila beji ilisomwa na kuandikwa kwa miongo kadhaa. Wanaotaka kanuni zilegezwe na wanaotaka zikazwe, wote wanabishana kwa takwimu za beji. Meneja wako yeye hana dozi ndogo. Ana dozi isiyojulikana.

Fikiria mwisho wake. Saratani ya mionzi huchukua miaka kujitokeza, mara nyingi kumi, ishirini au zaidi. Haiji na muhuri wa kliniki. Daktari hawezi kuitazama na kusema hii imetoka kwenye eksirei ya mwaka fulani. Kitu pekee kinachoweza kumsemea mfanyakazi mbele ya mwajiri au ya mahakama ni ile rekodi ya dozi. Kanuni zikilegea, ushahidi hufa miaka mingi kabla ya mtu. Wakati huo meneja atakuwa ameshahamia kampuni nyingine, na wewe utaambiwa ni bahati mbaya au ni ya ukoo.

Mzee mnayefanya naye kazi mheshimu, na usimbishie mbele ya watu. Nafurahi kwamba ni mzima. Lakini yeye alifanya kazi miaka yote hiyo nyuma ya kuta nene za chumba cha zamani, beji kifuani. Uzima wake ni sifa ya kanuni ambazo sasa zinaondolewa. Mwulize faraghani kama angekubali mjukuu wake aajiriwe kwenye hiyo saluni ya ng'ambo ya ukuta.

Maana mimi nikisoma barua yako, nawahofia hao wasichana wa saluni kuliko ninavyokuhofia wewe. Wewe una kizuizi, una elimu, unajua lini kitufe kinabonyezwa. Wao wana jipsamu. Jipsamu ya kawaida haizuii mionzi ya eksirei kwa kiasi cha kutegemewa; kinachozuia ni risasi, au ukuta mnene wa zege au tofali. Kikomo cha mtu wa nje ni milisivati 1 kwa mwaka. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa takriban milisivati 0.1, na kinachotawanyika kutoka mwilini mwake hadi ukutani ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Lakini picha za mgongo na nyonga ni nzito zaidi, na kama stendi ya picha za kifua imesimamishwa upande wa ukuta huo, mwale wenyewe wa mionzi unaelekea saluni. Angalia kesho unaelekea wapi. Ukiweza, geuza stendi ielekee ukuta wa tofali hata kabla hujamwandikia mtu yeyote. Umbali nao ni kinga: ukiuzidisha mara mbili, mionzi hubaki robo. Kiti cha saluni kilichobandikwa ukutani na kilichosogezwa katikati ya chumba si kiti kimoja.

Wazazi wanaoshika watoto ni jambo la pili ambalo haliwezi kungoja. Kila mwanamke unayemwomba ashike mtoto, mwulize kwanza kama ana mimba au anaishuku. Akijibu ndiyo, mtafute mwingine ashike. Oxford, katika miaka ya 1950, daktari Alice Stewart aliwauliza akina mama waliofiwa na watoto wao kwa saratani yaliyowapata wakati wa ujauzito, akalinganisha na majibu ya akina mama ambao watoto wao walikuwa hai. Aligundua kwamba waliopigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito walikuwa karibu mara mbili zaidi katika kundi la waliofiwa. Picha zile zilikuwa na dozi kubwa kuliko za leo, lakini kwa wakati ule zilihesabiwa kuwa ndogo na salama. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1956 na kwa ukamilifu zaidi 1958, akabezwa na wakubwa wa taaluma yake, na wajawazito wakaendelea kupigwa picha kwa miaka mingi baadaye. Gharama ya kuchelewa kuamini ililipwa na watoto.

Umesema pia mashine ilihamishwa bila mkaguzi. Goiânia, Brazil, kliniki ya tiba ya mionzi ilihama jengo ikaacha nyuma mashine yenye sesiamu 137, kitu kinachotoa mionzi chenyewe bila kubonyezwa, bila kuijulisha mamlaka iliyotoa leseni. Septemba 1987 vijana wawili wakaivunja wakauza vyuma kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Unga uliong'aa samawati gizani ukagawiwa ndugu na majirani kama kitu cha ajabu. Watu 249 walikutwa wamechafuliwa na wanne wakafa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka 6 aliyekula kwa mikono yenye ule unga. Aliyeshtuka ni mke wa yule mfanyabiashara. Aliona watu wa nyumba yake wanaugua pamoja, akakibeba kile kitu ndani ya basi hadi ofisi ya afya. Yeye pia alikufa. Eksirei yenu haina sesiamu, na jambo la namna hiyo haliwezi kutokea hapo kwenu. Nakutajia kwa sababu ya ile hatua ya kwanza, ya kuhama bila kumwarifu anayekagua. Hatua hiyo ndiyo kliniki yenu imechukua.

Basi, ukishatoa barua ya mimba, andika ya pili, tofauti na ya kwanza, kwa afisa wa usalama wa mionzi wa kliniki. Kama hayupo, iende kwa mwenye kliniki mwenyewe na si kwa meneja. Huenda hajui kinachofanywa kwa jina lake, na leseni iko shingoni mwake. Taja chumba, ukuta, taa, aproni iliyopasuka na beji. Usiandike neno la kumtukana mtu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakutaka uripoti hatari kubwa unayoiona, na inamzuia mwajiri kukurudisha kwenye hatari hiyo kabla hajaiondoa. Anza daftari lako leo: tarehe, idadi ya picha, za sehemu gani, na zilizorudiwa kwa sababu mashine haijapimwa ubora. Daftari halichukui nafasi ya beji, lakini mtaalamu anaweza kulitumia kukadiria dozi yako.

Wakikaa kimya, peleka nakala KNRA na Idara ya Usalama na Afya Kazini. Unaweza kuomba jina lako lisitajwe, ingawa katika kliniki ndogo watakukisia, na ndiyo maana nataka barua ya mimba itangulie. Kama uko kwenye chama cha wanataaluma wa eksirei, waarifu nao; mtu akifukuzwa akiwa na chama nyuma yake hafukuzwi kimyakimya. Wakati huohuo tafuta kazi kwingine kama mume wako anavyosema, hapo yuko sawa kabisa. Na kliniki ya wajawazito uende wiki hii, umweleze mkunga kazi unayofanya ili aiandike kwenye kadi.

Wale wa saluni usiwaendee kwa hofu ukawatia kiwewe. Mkaguzi akija na kipimo chake atapima upande wao wa ukuta. Lakini ikipita wiki mbili tangu barua ya pili bila jibu, na stendi haiwezi kugeuzwa, mwambie mwenye saluni asogeze viti, na umweleze sababu. Nawe niandikie tena wakati huo, na nakala za barua zote mbili, ili tuandike ya mamlaka pamoja.

Shangazi